Shabaha ni Utulivu

(Mazungumzo kwa vijana wa mgambo na wawindaji, Kagunga, mwambao wa Ziwa Tanganyika)



Leo twasema habari ya bunduki, lakini hatukukutana kuisifu. Bunduki haina akili. Akili ni ya yule aliyeishika, na asiyetulia huwa hatari kwa jirani kabla hajawa hatari kwa adui.

Sisi wa Kagunga tu watu wa mpakani. Mbele yetu ni ziwa, nyuma milima, kaskazini Burundi, kusini Hifadhi ya Gombe. Mwezi Mei 2015 wakimbizi makumi ya maelfu kutoka Burundi walijazana katika ufuko wetu huu, na meli ya Liemba ikawachukua kuwapeleka Kigoma. Akina mama na watoto walilala mchangani bega kwa bega. Fikirini, ndugu: risasi moja ya ovyo mahali kama pale ingeishia wapi?

Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ulisema ya kwamba ulinzi wa nchi ni kazi ya wananchi wenyewe. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, maelfu ya mgambo waliungana na jeshi letu. Basi mafunzo haya si mchezo. Na risasi hununuliwa kwa jasho la mkulima. Anayeipoteza amepoteza mali ya umma.

Sasa tushike mambo matano.

Kwanza ni mwili. Bunduki ibebwe na mifupa, kwa maana misuli huchoka ikatetemeka. Aliyelala kifudifudi aweke kiwiko chini ya bunduki, na tako likae imara begani. Aliyepiga goti asiweke ncha ya kiwiko juu ya pia ya goti. Mfupa juu ya mfupa huteleza. Ukiegemeza bunduki juu ya jiwe itaruka, basi weka koti au mfuko wa mchanga katikati. Kisha lenga, fumba macho, pumua, fumbua. Kama mtutu umehama, usiulazimishe kwa mikono. Sogeza mwili mzima.

Pili ni jicho. Haliwezi kuona wazi alama ya nyuma, alama ya mbele na shabaha kwa mara moja. Liache lione wazi alama ya mbele. Shabaha ikififia kidogo, usihangaike.

Tatu ni pumzi. Ukilala, kifua kikipanda mtutu hushuka. Vuta pumzi, itoe kama kawaida, na katika kile kituo kifupi kabla ya kuvuta nyingine, piga. Sekunde 10 zikipita hujapiga, acha, pumua, anza upya. Si aibu kuanza upya.

Nne ni kidole. Bonyeza kifyatulio polepole, moja kwa moja kuelekea nyuma, hata mlio ukushtue wewe mwenyewe. Anayekivuta kwa pupa huupeleka mtutu pembeni.

Tano, ukishapiga usiinue kichwa kutazama. Baki vile vile hata bunduki itulie.

Haya yote mtu aweza kujizoeza bila risasi hata moja, chini ya mwalimu wake. Bunduki ikaguliwe mara 2 kuwa ni tupu, risasi ziwekwe mbali, mtutu uelekee mahali salama. Mwenzio aweke sarafu juu ya mtutu. Ukifyatua nayo isianguke, mkono wako umeanza kutii. Uwanjani piga risasi 3 kwa namna moja. Zikikaa pamoja lakini mbali na kati, mpigaji yu sawa, alama za bunduki zirekebishwe. Zikitawanyika, mpigaji arudi kwenye mambo yale matano.

Twaja kwa wawindaji. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu 1968, na humo hakuna kuwinda. Kwingineko, Sheria ya Wanyamapori ya 2009 yataka leseni, nayo bunduki iwe na kibali chake. Mnyama akisimama ubavu, lenga nyuma ya bega, theluthi moja ya mwili kutoka chini. Ndipo penye moyo na mapafu. Katika miteremko yetu, ukipiga mbali kwenda juu au kwenda chini, risasi hupita juu kidogo ya ulipolenga. Kama huna hakika, usipige. Nyati aliyejeruhiwa hujificha kichakani, na atakayelipa ni mchanja kuni apitaye kesho.

Wala mtu asipige kuelekea ziwani. Risasi ya raifo huweza kwenda zaidi ya kilomita 3, na ikigonga maji huruka ikaendelea. Huko nje wako wavuvi wa dagaa, ndugu zetu na ndugu wa Burundi.

Ndugu vijana, risasi iliyotoka hairudi. Katika mazoezi yenu msimheshimu aliyepiga nyingi. Mheshimuni aliyepiga moja ikafika, na mheshimuni zaidi yule aliyeshusha bunduki kwa sababu hakujua kilichokuwa nyuma ya shabaha. Huyo ndiye mlinzi tunayeweza kulala usingizi naye akiwa zamu.