Trekta Likikwama Matopeni
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Tottenham, London)



Nimepewa heshima ya kusema machache juu ya trekta letu lililoko Kilombero, ambalo wengi wetu tumelichangia bila kuliona. Ni Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kuundwa Coventry, nchini humu humu, mwaka 1964. Injini yake ingali nzima. Adui yake ni matope. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa kwa masika hunasa gurudumu kama ulimbo unasavyo ndege.

Gurudumu likizunguka bila kusogea, dereva na akanyage klachi papo hapo, kwani kila mzunguko hulizamisha zaidi. Afungue plau au tela. Achimbe mbele ya matairi na chini ya tumbo la trekta, atandike mbao, matawi au mawe, kisha ajaribu taratibu kwa gia nzito, hali amefunga difu. Mara nyingi lililo bora ni kurudi nyuma, penye ardhi iliyokwisha kulibeba.

Ipo hila nyingine: kufunga gogo kwa minyororo kwenye magurudumu ya nyuma, ili likanyage tope na kulisukuma trekta. Ni hila ya hatari kubwa. Gogo likigoma, magurudumu hayazunguki tena, na nguvu yote ya injini huugeukia mwili wa trekta. Pua hunyanyuka, na kufumba na kufumbua dereva yuko chini ya chuma. Kupinduka kwa namna hii kulijulikana tangu zamani. Harry Ferguson alipobuni namna yake ya kuunganisha plau na trekta, faida mojawapo ilikuwa kupunguza hatari hiyo plau igongapo kisiki. Basi kishikio kiwekwe chini ya gurudumu, kisifungwe juu yake.

Vivyo hivyo trekta linalovuta jingine: mnyororo ufungwe chini, kwenye ndoano ya nyuma, kamwe usiwe juu ya ekseli. Watazamaji wakae mbali, maana mnyororo ukikatika hupiga.

Kwa nini basi vijana huhatarisha roho zao? Mvua haingoji, ekari za watu zimekwisha kulipiwa, na mwenye mali yuko London akiuliza kwa simu limelimwa kiasi gani. Kijana akimhofu mwenye mali kuliko mauti, atafunga gogo.

Kwa hiyo naomba mkutano huu uamue mambo mawili. Kwanza, tutoe fedha za mbao mbili nene, koleo na mnyororo imara. Pili, tumwandikie dereva, kwa jina la ukoo mzima, kwamba trekta likikataa kutoka aliache hadi ardhi ikauke, wala hatalaumiwa na mtu yeyote.

Trekta lina vipuri. Mwana wetu hana.