Sufuria Moja ya Maharagwe kwa Nyumba Nzima

Anayezungumza nanyi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii.

Siku moja nilimtembelea mama mmoja mwenye ugonjwa wa presha, ambaye alikuwa ameambiwa kliniki apunguze chumvi. Nilikuta sufuria mbili za maharagwe jikoni. Kubwa ilikuwa ya watoto, ndogo ilikuwa yake. Maharagwe yake yalikuwa yamechemshwa tu. Akaniambia, "Sista, hiki si chakula, ni adhabu." Alikiri kwamba mara nyingi huyaacha akala ya watoto, yaliyojaa chumvi na unga wa mchuzi wa pakiti. Nilipompima, presha ilikuwa juu.

Wasikilizaji, kosa halikuwa lake. Sisi wahudumu tulimwambia aondoe chumvi, lakini hatukumwambia aweke nini mahali pake. Leo nalipa deni hilo.

Kwanza, loweka maharagwe usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mengine, uyachemshe kwa moto mkali kwa dakika zisizopungua 10. Kisha punguza moto mpaka yaive kabisa, kwa maana maharagwe mekundu yasiyoiva huleta kutapika na kuhara. Yanapochemka, tia kitunguu kizima na punje mbili za kitunguu saumu. Usitie magadi. Hayo nayo yana sodiamu, kitu kile kile kilichomo katika chumvi.

Pili, kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo mpaka kiwe rangi ya kahawia. Ongeza kitunguu saumu, tangawizi na binzari nyembamba. Tia nyanya tatu au nne, uziache zikauke mpaka mafuta yaonekane pembeni. Usiwe na haraka hapa! Nyanya iliyokauka hivyo huleta ladha nzito kama ya mchuzi wa nyama. Lakini nyanya zisiingie kabla maharagwe hayajalainika, maana ukali wake huyachelewesha kuiva.

Tatu, mimina maharagwe pamoja na supu yake, uponde machache kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito. Yakishatokota, epua, tia dania na ukamulie ndimu. Ndimu huufanya ulimi usiidai chumvi sana, tena husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe.

Sasa ndipo uonje. Kama bado unataka chumvi, pima kwa kijiko, si kwa mkono. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, ukihesabu chakula chote pamoja na mkate. Unga wa mchuzi wa pakiti pia una chumvi, nao uhesabiwe.

Nilipomrudia yule mama, nilikuta sufuria moja tu jikoni, na watoto walikuwa wakigombania ukoko wa mchuzi. Dawa zake bado anameza kila siku, na wewe usiache zako kwa sababu umebadilisha mapishi. Nenda ukapimwe presha, hata kama hujisikii mgonjwa.