Jina Lisilomtaja Baba: Mtoto wa Maliba Mbele ya Meza ya Viza



Naanza na majina. Nikiita "Mumbere" humu ukumbini Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, watageuka wanaume wengi, na nikiita "Masika" watageuka wanawake wengi, na hakuna atakayeshangaa. Mumbere ni mtoto wa kiume wa kwanza. Bwambale ni wa pili, Masereka wa tatu, Kule wa nne, Thembo wa tano. Kwa wasichana tunaanza na Masika, kisha Biira, Kabugho, Mbambu. Hesabu inafuata tumbo la mama, ndiyo maana mzee mwenye wake wawili huweza kuwa na akina Mumbere wawili katika boma moja, na kila mmoja akajua anapoitwa yeye. Jina la Kikonzo linamwambia msikilizaji mtoto ameketi wapi kati ya ndugu zake. Baba yake ni nani halisemi, kwa sababu kijijini hilo linajulikana tayari.

Sasa lichukue jina hilo ulipeleke kwenye meza ya viza. Baba anaitwa Thembo, anafanya kazi Uingereza. Watoto wake ni Masika, Mumbere na Bwambale. Afisa aliyekulia katika nchi ambako familia nzima hubeba jina moja la ukoo anafungua faili na kuona watu wanne wenye majina manne. Nimeketi na familia za Maliba, wilayani Kasese, nikizisaidia kujaza fomu, na swali linalorudi ni hilo hilo: mbona mtoto wako hana jina lako? Si swali la chuki. Lakini jibu lake linahitaji karatasi, na sisi tulikuwa na jibu bila karatasi.

Kufanya kazi ng'ambo si jambo geni kwetu. Omusinga, yaani mfalme wetu wa Rwenzururu, Charles Wesley Mumbere, ambaye jina lake lenyewe linatuambia ni mtoto wa kiume wa kwanza wa mama yake, alikwenda Marekani mwaka 1984 kusoma, akabaki huko miaka mingi akiwahudumia wazee katika nyumba za kutunzia wagonjwa, hadi ufalme ulipotambuliwa na serikali mwaka 2009. Kwa hiyo mtu asije akawadharau mama na baba zetu walio kwenye kyeo, yaani vibarua vya ughaibuni. Mfalme mwenyewe aliishi maisha hayo.

Wala kumfuata mzazi si jambo lililoanza na ndege. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 na shaba ya Kilembe ikaanza kushuka mlimani, wanaume walikuja kutoka pande nyingi kutafuta kazi ya mgodi. Baba akishapata chumba kambini, alituma neno nyumbani, na mtoto akapandishwa lori pamoja na kuku na mfuko wa maharage. Hapa Bwera ni rahisi zaidi. Mpaka uliokubaliwa na Waingereza na Wabelgiji mwaka 1910 ulipita katikati ya watu wa lugha moja, lakini mtoto ambaye baba yake yuko Beni, upande wa Kongo, bado anavuka daraja la Mpondwe na kufika kabla ya giza. Kitu kipya ni kulazimika kuthibitisha uzazi wako mbele ya mtu ambaye hatawahi kukanyaga uani kwenu.

Niingie kwenye sheria, na nitakaa zaidi kwenye kifungu kimoja cha Uingereza, kwa sababu ndicho kinachotuumiza kuliko vingine. Kanuni za Uhamiaji za Uingereza, aya ya 297, zinamruhusu mtoto aliye chini ya miaka 18, asiye na ndoa na asiyejitegemea, kumfuata mzazi aliyepata ukaazi wa kudumu. Wazazi wote wawili wakiwa huko, mambo ni mepesi. Mzazi mmoja akiwa huko na mwingine amefariki, kuna njia. Lakini mama akiwa Uingereza na baba yu hai Uganda, hata kama baba huyo hajanunua daftari moja la shule, mama anatakiwa aonyeshe kwamba yeye peke yake ndiye mwenye jukumu la malezi ya mtoto. La sivyo aonyeshe sababu nzito za kipekee, na hizo si rahisi kuzipata.

Peke yake. Tuzame katika neno hilo. Mama wa Maliba anapoondoka, mtoto anabaki kwa bibi. Mjomba anakwenda kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Shangazi anampeleka kwenye kituo cha afya akishikwa na malaria. Mama anatuma pesa kwa simu, na Jumapili wanaongea. Hiyo ndiyo heshima yetu, kwamba mtoto haachwi mkononi mwa mtu mmoja. Halafu mama anaandika ukweli huo wote kwenye fomu, kwa shukrani, na ukweli huo unageuka ushahidi dhidi yake: kumbe bibi analea, mjomba analea, basi jukumu si lako peke yako. Nimeona barua ya kukataliwa yenye maana hiyo. Mama aliyeipata aliniuliza kama kosa lake lilikuwa kumwachia mtoto mtu mwema.

Kosa halikuwa hilo. Mwaka 2006, katika kesi inayojulikana kama TD wa Yemen, baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilieleza kwamba kazi ya kila siku ya kumlisha na kumvisha mtoto yaweza kufanywa na jamaa, na jukumu likabaki kwa mzazi aliye mbali. Kinachopimwa ni nani anayeyaongoza maisha ya mtoto na kuamua mambo makubwa: asome wapi, atibiwe vipi, akae na nani. Hiyo ni hoja tunayoweza kuisimamia, kwa sababu katika nyumba nyingi ndivyo ilivyo: bibi hamhamishi mtoto shule kabla ya kumpigia mama yake. Tatizo ni kwamba simu haiachi alama.

Marekani mtego uko kwenye umri. Mzazi aliyepata uraia anaweza kumwita mtoto asiye na ndoa aliye chini ya miaka 21 bila kukaa kwenye foleni ya kila mwaka. Mzazi mwenye ukaazi tu anaweza pia kumwita, lakini kwenye foleni, na mtoto akifika 21 anahamia foleni nyingine iliyo ndefu zaidi. Akioa au kuolewa, ombi la mzazi mkaazi linakufa kabisa. Sheria ya mwaka 2002 ilipunguza ukali huo kwa kuondoa kwenye umri wa mtoto siku ambazo ombi lilikuwa likichunguzwa, ila siku za kungoja zamu haikuziondoa. Ndugu zetu wa upande wa Kongo waliopelekwa Marekani kama wakimbizi wanapewa miaka miwili tangu kufika kuwaombea watoto walioachwa nyuma. Miwili! Mtu anajifunza mabasi, lugha na baridi, na kalenda inakimbia.

Ulaya kuna mwanga kidogo. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya familia ya Guinea na serikali ya Ubelgiji, iliamua kwamba umri wa mtoto upimwe siku ombi lilipowasilishwa, ili uvivu wa ofisi usimzeeshe mtoto. Natamani kila nchi ingesoma hukumu ile.

Nawasihi wazazi walio hapa: mtoto akizaliwa, mwandikisheni NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, mwezi ule ule, majina ya baba na mama yakiwemo. Cheti kinachotolewa mtoto akiwa na miaka 15, mwezi mmoja kabla ya ombi, kinatiliwa shaka hata kama kila neno lake ni kweli. Kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo na barua ya mwenyekiti wa LC ya kwanza, yaani baraza la kijiji, vinasaidia, lakini havichukui nafasi yake. Vipimo vya DNA vinathibitisha damu. Haviwezi kuthibitisha malezi.

Na viza ikitoka, mtoto wa miaka 16 anashuka uwanjani akikutana na mama aliyemwona mwisho akiwa na miaka 7. Wanajuana kwa sauti. Hawajuani kwa nyuso, wala kwa hasira, wala kwa jinsi mwenzake anavyopenda uji. Vijana wamenieleza miezi ya kwanza ya kumwita mama "wewe" kwa kushindwa kutamka "mama". Wengine wamemlilia bibi usiku, wakaona aibu kwa sababu mama amefanya kazi zamu mbili miaka tisa ili wafike. Atoke hapa mtu mmoja wa kumweleza mama kwamba kilio kile si ukosefu wa shukrani.

Kuna bibi mmoja Maliba ambaye faili la mjukuu wake lilifaulu. Haandiki mwenyewe, humwita mtoto wa jirani. Kila mara mama wa mtoto alipopiga simu, daftari liliandikwa tarehe na jambo lililoamuliwa: ada, chanjo, kuhamia shule nyingine, kukataa asiende kuishi mjini. Miaka sita ya simu ilikuwa imo humo kwa mwandiko wa mtoto wa shule ya msingi, na kurasa hizo zilinakiliwa zikaambatanishwa na ombi. Nilipokwenda kumsalimia baada ya mjukuu kusafiri, nilikuta daftari bado lipo juu ya meza, na kalamu ndani yake. Nilidhani wamesahau kuliweka mbali. Alinifungulia ukurasa wa wiki ile. Mjukuu alikuwa amepiga simu Jumapili, ameuliza kama kahawa imeshaanikwa.