Kabla ya Kufuta Ubao

(Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa walimu, wazazi na wanafunzi)



Katika Makumbusho ya Historia ya Sayansi ya Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kuna ubao mweusi kama wa darasani kwenu, wenye maandishi ya chaki. Mwanafunzi wa zamu angeuliza: mbona haujafutwa?

Chaki ile ni ya Albert Einstein. Tarehe 16 Mei 1931 alitoa mhadhara Oxford, akaandika hesabu za ukubwa na umri wa ulimwengu. Waliohudhuria wakauhifadhi ubao. Ubao wa pili nao uliokolewa, lakini baadaye ukafutwa kwa makosa. Kilichofutwa hakirudi.

Humo pia kuna chombo cha kauri cha kukuzia kuvu ya penisilini. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, vifaa vilikuwa adimu, kwa hivyo watafiti wa Oxford walitumia hata vyombo ambavyo wagonjwa hujisaidia wakiwa kitandani. Norman Heatley akabuni chombo cha kauri kwa kuiga umbo hilo. Mwaka wa 1941 polisi mmoja mahututi alidungwa dawa hiyo, akapata nafuu. Lakini dawa iliisha, akafariki. Ukikitazama chombo kile, unaelewa kwa nini kila tone lilihesabiwa.

Sasa turudi nyumbani. Niliwahi kwenda shule moja kupiga picha ya kipima mvua cha zamani. Kilikuwa bado kimesimama uani. Nikaomba daftari la vipimo vya miaka iliyopita. Nikaambiwa kurasa zake ziliwashia jiko. Mkulima wa hapo akiuliza kama mvua imebadilika, nani atamjibu?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la makumbusho na maktaba. Hata hivyo, kaunti haiwezi kuhifadhi kilichokwisha kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Kwa hivyo, kabla ya kusafisha stoo ya shule, zahanati au nyumba yako, ulizia kwanza. Mtafute aliyekitumia kifaa hicho. Andika jina lake, kazi ya kifaa na mwaka, ukifunge kikaratasi hicho pamoja nacho. Kisha ijulishe ofisi ya utamaduni ya kaunti.

Kifaa kisicho na maelezo ni chuma tu.