Rafu Zilipoanza Kubaki Tupu

Hotuba iliyosomwa na waliokuwa wafanyakazi wa maduka makuu, mbele ya warsha ya kamati za parokia

Anayesoma ni mmoja, lakini tuko watano, na maneno haya tuliyaandika pamoja. Wawili wetu walikuwa makeshia, wawili walikuwa wakipanga bidhaa kwenye rafu, na mmoja alikuwa stoo. Tulifanya kazi katika kampuni ya maduka makuu yenye matawi katika miji kadhaa hapa Kenya. Jina lake hatutalitaja, kwa maana hatukuja kumshtaki mtu. Mlituomba tueleze hali ya mfanyakazi pale ambapo wakubwa wake hawajui wanakoelekea, nasi tutajaribu.

Watu wengi hudhani duka hufa siku linapofungwa. La kwetu tuliliona likifa kwa zaidi ya mwaka mzima. Kwanza lilikosekana gari la mkate. Mwenye mkate hadai fedha nyingi, lakini huzidai mapema, kwa hiyo yeye ndiye huchoka wa kwanza. Halafu maziwa, halafu unga na mafuta ya kupikia. Mwenzetu wa stoo ndiye aliyekuwa akifungua mlango wa nyuma alfajiri, na siku hizo alikuwa akiufungua na kukuta uwanja mtupu. Magari mengine yalifika, dereva akapiga simu kwa mkubwa wake, akageuza na kwenda zake bila kushusha hata katoni moja.

Sisi wa rafu tuliagizwa kuvuta bidhaa mbele ili duka lionekane limejaa. Kama mliwahi kuingia duka kuu mkakuta karatasi za msalani na maji ya chupa vimepangwa kutoka mwanzo wa ujia hadi mwisho, basi mliiona kazi ya mikono yetu. Nyuma ya safu ile ya mbele palikuwa na ubao tu. Kazi hiyo inamchosha mtu kuliko kubeba magunia. Unajua unadanganya, mteja anajua unamdanganya, na meneja anapita akisema pamependeza.

Na mteja akikosa unga hamwulizi mkurugenzi. Humwuliza keshia. Makeshia wetu waliambiwa wajibu kwamba bidhaa ziko njiani. Walijibu hivyo miezi mingi, mpaka akina mama waliokuwa wakiwaita kwa majina wakaacha kuuliza, kisha wakaacha kuja.

Tungeweza kuvumilia uhaba. Wengi wetu tumelelewa nao. Kilichotuvunja moyo ni kwamba hapakuwa na mtu wa kutuambia kampuni ilikuwa ikifuata njia gani. Katika mwaka mmoja tawi letu lilipata mameneja watatu. Wa kwanza alisema tutashindana kwa bei nafuu, tukabandika bei mpya usiku kucha. Wa pili alisema bei si hoja, hoja ni wateja wenye uwezo, tukaondoa bidhaa za bei ya chini na kupewa sare mpya. Wa tatu hakusema lolote. Alikuwa akijifungia ofisini. Wakati huohuo tulisikia redioni kwamba kampuni inafungua tawi jingine katika mji mwingine. Redioni, ndugu zetu! Siku hiyo kwetu hapakuwa na sukari.

Mwenzetu mmoja aliyekaa kazini miaka kumi na mmoja aliandika barua kwa ofisi kuu. Alieleza bidhaa gani zinatoka haraka na zipi zinaozea stoo, na akapendekeza fedha kidogo zilizopo zilipwe kwanza wenye mkate, maziwa na unga, kwa sababu hao ndio wanaomleta mtu dukani kila siku. Hakujibiwa. Baadaye alihamishwa tawi. Hatusemi barua ndiyo iliyomhamisha, lakini baada ya hapo hakuna aliyeandika nyingine.

Hili halikutupata sisi peke yetu. Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975 na kuingia soko la hisa la Nairobi mwaka 1992, ilifunga maduka yake mwezi Juni 2006. Ilifunguliwa tena mwezi uliofuata kwa msaada wa serikali, na mwaka 2011 ikarudi katika soko la hisa. Wengi walishangilia. Mwaka 2015 bodi ilimwondoa mkurugenzi mkuu, na Oktoba mwaka huo maduka ya Uganda na Tanzania yakafungwa. Nakumatt nayo ilitoka Nakuru ikafikia matawi zaidi ya 60 katika nchi nne. Matawi yaliongezwa kwa mikopo na kwa bidhaa ambazo wasambazaji walikuwa hawajalipwa. Mwaka 2017 rafu zikawa tupu, Januari 2018 mahakama ikaiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ivunjwe. Wenye kampuni, benki na wasambazaji waliandikwa sana magazetini. Waliokuwa wakipanga rafu waliandikwa kwa idadi.

Turudi kwetu. Mshahara ulianza kuchelewa wiki moja, kisha mwezi, kisha ukawa unalipwa nusu. Jambo lililotuuma zaidi tuligundua kwa bahati. Mwenzetu alikwenda katika chama chetu cha akiba na mikopo kuomba mkopo wa karo, akaambiwa michango yake haijafika kwa miezi saba. Karatasi yake ya mshahara ilionyesha imekatwa kila mwezi. Alirudi nayo mkononi, tukazitoa za kwetu, zote zilikuwa vilevile. Mtoto wake alikaa nyumbani muhula mzima.

Tuseme na ya upande wetu, maana hatukuwa watakatifu. Wengine wetu tulianza kufika saa tatu. Tulibeba uvumi kutoka tawi hadi tawi, na uvumi mwingine ulikuwa uongo. Kuna waliochukua vitu na kusema wanajilipa. Meneja wa tatu aliwafukuza wawili kwa wizi, na hatukuweza kusema amewaonea.

Duka lilipofungwa hatukujua haki zetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka anayepunguzwa kazi apewe notisi isiyopungua mwezi mmoja, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inamtanguliza mfanyakazi mbele ya wasambazaji wasio na dhamana, kwa mshahara wa miezi minne ya mwisho, usiozidi shilingi 200,000. Lakini benki yenye dhamana ya majengo ikishachukua chake, huenda kisibaki kitu cha kutanguliziwa. Ndiyo maana tunawaambia vijana wenu walio madukani wahifadhi kila karatasi ya mshahara, na waende wenyewe kwenye chama cha akiba kila baada ya miezi mitatu kuangalia michango yao.

Ninyi wanakamati mnaendesha maghala ya nafaka, mashine za kusaga na vyumba vya wageni, na wafadhili wetu hapa huwaletea fomu zinazouliza magunia mangapi yameuzwa. Tuna ombi moja. Mtakapokwenda kukagua mradi, baada ya kuzungumza na mwenyekiti, keti na yule anayepima mahindi. Mwulize ni kitu gani kimekwisha, amemwambia nani, na alijibiwa nini. Mwulize pia kama anajua mradi unataka kuwa wapi mwaka ujao. Asipojua, lirudisheni swali hilo kwenye kamati kabla ya kuongeza mradi wa pili.

Karatasi zetu za mshahara ziko katika faili la buluu pale mezani, kwa anayetaka kuona makato yalivyoandikwa. Majina tumeyafunika. Mwenyekiti, tuko tayari kwa maswali.