Mashine au Tumbo Kabla ya Figo Mpya

Mgonjwa wa figo anayetoka Pangani kwenda kusafishwa damu Tanga mjini huwa ameikariri ratiba: kwa kawaida mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila safari, sindano mbili nene mkononi, damu ikipita kwenye chujio la mashine na kurudi mwilini. Nauli nayo haimsubiri apate nafuu.

Njia ya pili haina haja ya mashine hiyo. Mpira laini huwekwa tumboni kwa upasuaji mdogo, kisha humiminwa maji maalumu, kama lita 2, yanayovuta taka za damu kupitia utando wa tumbo. Mgonjwa huyabadilisha mwenyewe nyumbani, mara 4 hivi kwa siku. Hospitali ya KCMC ya Moshi ilianza kuitumia njia hii mwaka 2009 kwa figo zilizofeli ghafla. Kwa ugonjwa sugu bado ni adimu nchini.

Ipi humwandaa mtu vyema zaidi kwa figo mpya? Tafiti nyingi za nje zinaonyesha kwamba kwa waliotumia tumbo, figo iliyopandikizwa huanza kazi mapema. Baadhi zimeonya juu ya damu kuganda kwenye mishipa ya figo hiyo. Miaka ikipita, tofauti hupungua.

Muda mrefu wa kusubiri figo ndio huumiza zaidi. Hospitali ya Muhimbili ilipandikiza figo ya kwanza Novemba 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018, na watoaji ni ndugu walio hai. Kwa hiyo kikao cha ukoo kiitishwe mapema: kundi la damu, shinikizo la damu na sukari ya mtoaji hupimwa kwanza.