CHOA SI KITU CHA KUFICHA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Leo nasema juu ya ngozi. Sisi watu wa pwani hii ya Bagamoyo tunaishi na joto na jasho. Mvuvi anashinda na nguo mbichi, na mkulima wa mwani kule Mlingotini vilevile. Fangasi, yaani kuvu wa ngozi, anapenda hapohapo penye joto na unyevu: kinenani, chini ya matiti, katikati ya vidole. Kwa hiyo si aibu, wala si alama ya uchafu.

Adui wetu mkubwa ni pupa ya dawa. Mtu anawashwa, anakwenda dukani, anapewa krimu yenye betamethasoni. Siku tatu mwasho umekwisha, naye anaacha. Haupiti muda choa kimerudi, tena kipana zaidi. Kwa nini? Dawa ile inatuliza mwasho na kulaza kinga ya ngozi, lakini kuvu haimuui. Tena inafuta umbo la choa, hata mganga anapata tabu kukitambua. Ikitumika mno, ngozi hukonda na kuingia michirizi. Basi someni maandishi ya tyubu kabla ya kulipa.

Tutakijuaje choa? Ni duara, ukingo umeinuka na una magamba, katikati pametulia. Ndiyo maana wengine huita mashilingi. Lakini jamani, si kila doa ni choa. Upele huwasha zaidi usiku, na mara nyingi nyumba nzima inajikuna. Na doa lililofifia, lisilowasha, ukiligusa kwa pamba mwenyewe amefumba macho na asisikie, laweza kuwa ukoma. Huyo asingoje hata kidogo. Dawa za ukoma Shirika la Afya Duniani linazitoa bure tangu 1995, na mtu hutibiwa miezi 6 au 12 akapona. Anayepakaa krimu ya choa mwaka mzima anapoteza mishipa ya fahamu, na hiyo hairudi kirahisi.

Penye shaka, ngozi hukwanguliwa kidogo, magamba yakatiwa dawa na kutazamwa kwa hadubini. Nyuzi za kuvu zikionekana, ubishi umekwisha.

Sasa tukumbuke haya:

1. Choa cha mwilini: krimu ya klotrimazoli au mafuta ya Whitfield, mara mbili kwa siku. Pakaa na kuvuka ukingo kidogo. Doa likipotea, endelea wiki mbili.

2. Mapunye ya kichwani kwa watoto hayaponi kwa kupakaa tu, maana kuvu ameingia kwenye shina la nywele. Yanataka vidonge, kama griseofulvini, wiki 6 mpaka 8 au zaidi, baada ya chakula chenye mafuta. Kipimo anatoa mganga kwa uzito wa mtoto. Mama mjamzito asizimeze.

3. Tibuni wote wenye dalili nyumbani kwa wakati mmoja. Msiazimane taulo, kofia wala chanuo. Mashine ya kinyozi isafishwe kila kichwa.

4. Choa kikirudirudi, nendeni zahanati mkapimwe, pamoja na sukari na kinga ya mwili.

Choa kinatibika, ndugu zangu. Kinachotushinda ni kuacha dawa njiani.